Mchangishaji alipwe, lakini si kwa fungu

Kati ya 1987 na 1995, simu zililia katika nyumba nyingi za jimbo la Illinois, Marekani. Mpigaji aliomba mchango wa kuwasaidia askari wastaafu wa vita vya Vietnam. Mchangiaji mmoja alipouliza ni kiasi gani kinawafikia wahusika, alijibiwa kuwa ni asilimia 90 au zaidi. Zikapatikana dola milioni 7.1, na chama cha wastaafu hao, VietNow, kikaambulia kama milioni 1.1. Nyingine zote zilikuwa za kampuni za kupiga simu. Wala hawakukiibia chama. Mkataba ulisema hivyo hivyo, 85 kwa 15.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2003 majaji wote walikubaliana kwamba serikali ya jimbo inaweza kuwashtaki waliodanganya wachangiaji. Lakini mahakama hiyo hiyo, mwaka 1988, ilikuwa imeifuta sheria ya North Carolina iliyowekea kikomo ujira wa wachangishaji, kwa hoja kwamba kuomba mchango ni kusema, na kusema kunalindwa na katiba. Kwa hiyo kula 85 si kosa. Kosa ni kusema umekula 10.

Wanaotetea malipo ya asilimia wana hoja, na si ya kudharau. Chama kidogo hakina akiba ya kumlipa mtaalamu mshahara wa miezi sita kabla senti haijaingia. Akikubali kulipwa kwa fungu la atakachopata, hasara ni yake. Tena 15 ya kitu ni bora kuliko mia ya hewa.

Ila wenye kazi wenyewe waliikataa njia hiyo zamani. Charles Sumner Ward, aliyewachangishia YMCA mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye aliyezoesha watu kampeni fupi yenye tarehe ya mwisho, na saa kubwa ya barabarani ambayo mshale wake ulisogea kadiri fedha zilivyoingia. Alipokuja kufungua kampuni na wenzake, walitoza ada iliyopangwa mapema. Hadi leo kanuni za AFP, chama kikubwa cha taaluma hiyo Marekani, zinakataza malipo ya asilimia. Ukiwaza utaona sababu: tajiri anayetoa leo huenda amelainishwa na watu watano kwa miaka kumi. Halafu anayelipwa kwa fungu hana haja ya kumwacha mjane apumue. Anataka apate sasa.

Kwetu Waislamu jambo hili ni la zamani kuliko Ward. Aya ya 60 ya Surat Tawba inawataja wanaoitumikia zaka miongoni mwa makundi manane ya kupewa, na wapo wanazuoni waliosema wasizidishe thumni, yaani moja ya nane. Ni fungu, kweli, lakini ni kikomo cha ujira, si chambo. Pia kuna hadithi ya mkusanyaji aliyerudi akasema, hii yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Mtume akauliza kama angekaa nyumbani kwa babake au mamake, angeletewa zawadi hiyo? Sijaona swali linalomfaa mpiga simu wa Illinois kuliko hilo.

Basi mimi niko upande wa mshahara. Kinachonisumbua ni sisi wachangiaji, tunaotaka kila shilingi ifike na hatutaki kusikia habari ya gharama. Anayewalazimisha wachangishaji kusema uongo ni nani, kama si sisi?

Mwaka jana nilikuwa katika kamati ya matibabu ya jirani. Mweka hazina alipachika hesabu kwenye kundi la WhatsApp: ada ya kutoa pesa, chapa ya kadi, na mstari mmoja wa "nauli ya mweka hazina, 3,000". Dada huyo alikuwa amezunguka mtaani wiki tatu, jioni kwa jioni, na daftari lake kwapani. Kundi likachafuka. Hakuna aliyeuliza juu ya ada ya kampuni ya simu, iliyokuwa kubwa zaidi. Asubuhi ule mstari haukuwepo tena, na jumla ilikuwa imebaki vilevile.