Noti Moja Haitoshi Tena kwa Bakuli la Rameni

Mwezi uliopita mgahawa wa mtaani kwetu wa rameni, zile tambi za Kijapani kwenye supu, ulipandisha bei. Bakuli la kawaida lilikuwa yeni 850; sasa ni 1,050. Tangazo halikuwepo. Mwenye mgahawa alikata kikaratasi, akaandika bei mpya kwa kalamu nene, akakibandika juu ya kitufe cha mashine ya tiketi za chakula, na pembeni akaongeza mstari mmoja wa kuomba radhi. Siku tatu hazijapita, mtu akaingia kwenye ramani ya simu akaacha nyota mbili, na maelezo kwamba supu bado ni nzuri ila mzee ameingiwa na tamaa.

Hiyo tamaa imenikwama kooni kama mwiba wa samaki, ndiyo maana naandika.

Nakaa Hakozaki, mashariki mwa jiji la Fukuoka, huku kisiwa cha Kyushu, Japani. Zamani kampasi ya Chuo Kikuu cha Kyushu ilikuwa hapa, na vijumba vya kulia vya bei poa vilijaa kwa ajili ya wanafunzi. Chuo kikamaliza kuhamia Ito, upande wa pili wa jiji, mwaka 2018. Kituo cha treni bado kinaitwa Hakozaki-Kyudai-mae, yaani mbele ya Chuo cha Kyushu, ila chuo chenyewe hukioni. Wenye migahawa waliobaki wanapika kwa mtaa uliopoteza wateja wake wenye njaa kuliko wote.

Mgahawa wetu ni viti tisa mbele ya kaunta, basi. Meza hakuna. Nyuma ya kaunta kuna mzee aliyeshapita miaka 70 na mkewe. Wateja wanamwita taisho, jemadari, kama wanavyoitwa wenye migahawa ya namna hii, na mkewe ni okami-san. Nami nawaita hivyo, ingawa kichwani mwangu ni Mzee na Mama.

Siku ya kwanza niliaibika mara mbili. Nilipoingia nilisalimia ukumbi mzima, kama mtu aliyelelewa Moshi anavyofanya akikuta watu. Vichwa viwili viligeuka, vikarudi kwenye mabakuli. Halafu bakuli langu lilipofika nikamgeukia jirani, bwana mmoja wa suti, nikamkaribisha kwa Kijapani changu cha miezi miwili. Sijui nilitamka nini hasa. Yule bwana alisogeza bakuli lake vidole vitatu upande wa pili.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kwetu chakula kikitua ndipo maongezi yanaponoga. Anayekula kimya ama anaumwa ama ana ugomvi na aliyepika. Hapa watu wanane wamebanana bega kwa bega, na sauti pekee ni ya tambi zinavyovutwa mdomoni, fyuuu, kama mtoto na uji wa moto. Mama yangu angenifinya paja.

Nilichelewa kujua kwamba kimya kile kina sababu yake, na sababu yenyewe imo bakulini. Tambi za Fukuoka ni nyembamba na zimenyooka, karibu na zile za futari, na zikishatua kwenye supu zinaendelea kuiva humo humo. Piga soga dakika tano uone kama hutakula bokoboko. Wenyeji husimulia kwamba mambo haya yalianzia Nagahama, penye soko la samaki. Watu wa sokoni hawakuwa na muda wa kusubiri, kwa hiyo tambi zikafanywa nyembamba ziive upesi. Na kwa vile zinalainika upesi pia, unapewa chache, ukimaliza unaagiza nyingine ziongezwe kwenye supu iliyobaki. Nyongeza hiyo inaitwa kaedama. Unainua mkono, unataja neno hilo na ugumu unaoutaka: kata ni ngumu, barikata ni ngumu kweli kweli, yawa ni laini za wenye meno mabovu. Taisho anaitikia kwa koo, na dakika haijaisha tambi zimeshaingia bakulini.

Kosa la mgeni ni kunywa supu yote kwanza halafu ndipo aombe kaedama. Nililifanya. Okami-san alitazama bakuli tupu, akanitazama mimi, akanimiminia upawa mmoja kutoka kwenye sufuria wala hakunidai hata senti. Kununa kwangu kukaishia hapo.

Wasomaji Waislamu niwaambie mapema: supu hii ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe mwanzo mwisho, kwa hiyo kuomba watoe ile nyama ya juu hakusaidii kitu. Mimi kitimoto nakula. Rafiki yangu wa Pemba alikuja nami mara moja, akakaa na glasi ya maji ya barafu kwa ajili ya urafiki tu, tulipotoka nikamsindikiza kwenye rameni halali ya mifupa ya kuku. Miji mikubwa ya Japani siku hizi inayo.

Aliyewahi kunywa makongoro asubuhi, yale mazito yanayonatisha midomo, ameshaelewa nusu ya tonkotsu. Mifupa inapasuliwa, inalowekwa itoe damu, halafu inachemshwa kwa moto mkali zaidi ya saa kumi. Moto wa taratibu ungetoa supu angavu. Huu wa fujo ndio unaovuruga mafuta na uroto ndani ya maji mpaka sufuria nzima iwe nyeupe kama maziwa. Inasimuliwa kwamba kule Kurume, kusini mwa hapa, supu ya mifupa ya nguruwe ilianza kuuzwa kwenye kibanda mwaka 1937 ikiwa bado haijawa nyeupe, na kwamba weupe ulikuja mwaka 1947 kwa ajali, pale sufuria iliposahauliwa motoni. Kuna wapishi wamefukuzwa kazi kwa chini ya hapo.

Tambi nazo zina siri yao. Ni unga wa ngano, chumvi, maji na kitu kinaitwa kansui, na kansui ni ndugu wa tumbo moja na magadi yetu, yale mama anayotia kwenye makande yaive haraka. Ndiyo yanayozipa tambi rangi ya manjano na ule mvutano ukizitafuna. Nilipomweleza taisho kwamba kwetu kitu hicho kinapatikana ziwani, kule Natron, aliacha kufuta kaunta akauliza kama kuna kiumbe kinachoishi humo. Nikamwambia kuna flamingo, wanazaliana huko kwa wingi. Akasema jambo lililomchekesha mkewe hadi akashika ukingo wa sinki. Sijui alisema nini mpaka leo.

Kuna wakati nilikuwa na zamu za alfajiri, nikawa napita mbele ya mgahawa saa kumi na moja, giza bado. Taa ilikuwa inawaka. Kupitia kioo chenye mvuke nilimwona mzee amesimama juu ya kreti, anageuza mifupa kwa mwiko mrefu kama wa kusongea ugali wa msibani, asije akaunguza chini. Mchana ukikaa kiti cha mwisho unauona vizuri mkono wake wa kulia: kifundo kimefungwa bandeji ya rangi ya ngozi. Huo ndio mkono wa kukung'utia tambi. Anatoa chujio refu kwenye maji, analishusha kwa nguvu, tap, tap, tap, mara sita. Nimehesabu, siku zote ni sita. Maji yakibaki kwenye tambi yanaichujua supu, na supu ikichujuka saa zote zile za moto zimekwenda bure.

Huyo ndiye mwenye tamaa.

Wajapani wana msemo wa ukuta wa yeni 1,000. Maana yake, bakuli la rameni likivuka hapo mteja anaona ameibiwa, hata kama jana yake alilipa 1,500 kwa tambi za Kitaliano bila kukunja uso. Kwa shilingi zetu, noti hiyo ni kama 16,000 hivi. Na ukuta wenyewe kweli ni noti: unaingiza moja, unabonyeza kitufe, unapata tiketi na chenji. Desturi hiyo imekaa kwenye vidole vya watu, na vidole havisomi habari za uchumi.

Noti yenyewe ilishawatesa wazee hawa. Julai 2024 Japani ilitoa noti mpya. Ya 1,000 ina sura ya Kitasato Shibasaburo, yule mtaalamu wa bakteria. Mashine za tiketi za zamani hazikumtambua. Unamwingiza, anatemwa, unamnyoosha kwenye goti, anatemwa tena. Kwa miezi kadhaa okami-san aliweka bati la biskuti karibu na mlango, limejaa noti za zamani: unampa mpya, anakupa ya zamani, ndipo unaenda kwenye mashine. Bati lilipoisha ikabidi wabadilishe kifaa cha kusomea noti. Hizo zilikuwa pesa za mabakuli mengi, na hakuna tone la supu lililoongezeka.

Kuna mengine yasiyoonekana kwenye kaunta. Ngano ya Japani sehemu kubwa inatoka nje; serikali inainunua na kuwauzia wenye vinu, na bei yake hupangwa upya kila Aprili na Oktoba. Yeni imedhoofika, gesi nayo inaagizwa ng'ambo, na mapishi haya ni ya moto mkali tangu kabla ya mapambazuko. Kampuni ya Teikoku Databank, inayofuatilia biashara zinazofilisika, ilihesabu migahawa ya rameni zaidi ya 70 iliyoanguka mwaka 2024, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Na hesabu hiyo ni ya wenye madeni. Mzee anayeshusha pazia kimya kimya kwa sababu mgongo umegoma haingii humo.

Wakati huo huo, rameni ya hapa hapa Fukuoka imeshavuka bahari. Ippudo ilianzia hapa mwaka 1985, ikafungua New York mwaka 2008, na katika jiji lile bakuli la tonkotsu, ukijumlisha kodi na bakshishi, linafika dola 20 na zaidi. Watu wanapanga foleni. Kwa hiyo thamani ya kitu hiki inajulikana. Anayekatazwa kuidai ni yule wa mtaani.

Najua la kujibiwa. Rameni ni chakula cha mtu wa kawaida. Baada ya vita ilisambaa kwa mikokoteni na unga wa ngano wa Marekani, ikalisha watu waliokuwa na njaa kweli. Kijana wa kazi za mikono anayekula hapa kila siku ya kazi ameongezewa gharama ya yeni 4,000 kwa mwezi, na hiyo si pesa ya kudharau. Nakubali. Ninachokataa ni kujifanya kwamba ile 850 ilikuwa bei halali. Pengo lilikuwa linalipwa na mtu, na mtu huyo amefungwa bandeji. Mkewe sidhani kama amewahi kujiandikia mshahara.

Wala tusiwacheke Wajapani. Dar sahani ya wali maharage ikipanda kwa mia tano tunamjia juu mama ntilie kana kwamba mkaa anaokotewa, na yeye aliamka saa tisa kupembua mchele. Soda ikipanda bei tunanuna kidogo tu, tunalipa. Fundi wa simu akisema elfu thelathini tunapatana naye kwa adabu. Ila chakula cha mtaani tunataka kibaki bei ya mwaka ule tulipoanza kazi. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo Kariakoo, tena kwa sauti.

Kwa kaunta yetu ushauri wangu ni mdogo. Kama 1,050 inakubana, punguza mara, usipunguze nyota. Kaedama bado ni 150, na tangawizi nyekundu, ufuta na kitunguu saumu cha kukamua mwenyewe havina bei. Mimi nilikuwa nakwenda mara tatu kwa wiki, sasa mara mbili. Kilichobadilika zaidi ni kwamba nabeba sarafu ya 50, ile yenye tundu katikati, na nimeanza kuzitenga kwenye kopo la kahawa karibu na mlango wa nyumba. Nyota tano nimeshaweka, bila maelezo. Kijapani changu cha kuandika kingewaletea wazee balaa.

Ijumaa nilitoka kazini na sarafu yangu mfukoni, njaa imenikamata tangu saa tisa. Nikafika saa moja na robo nikamkuta okami-san amepanda kigoda, anatoa pazia mlangoni. Supu imeisha. Aliinama mara mbili, nami nikainama mara mbili, tukaachana hapo. Nyumbani nikachemsha maji nikamwagia tambi za pakiti, uvumbuzi wa Momofuku Ando wa mwaka 1958. Zilikuwa tayari kwa dakika tatu. Nilizila nimesimama.