Tupime masikio kwa sauti zinazobadilika

Mtu anavalishwa vipokea sauti, anabonyeza kitufe kila asikiapo mlio hafifu, kisha anaambiwa masikio yake ni mazima. Akikaa na watu watano wanaoongea kwa pamoja, haambulii kitu. Mimi namwamini. Naona kipimo ndicho chenye upungufu.

Neva ya kusikia ya binadamu ina nyuzi zipatazo 30,000, nazo huingia kwenye shina la ubongo. Mlio unapoanza, uzi wa neva hufyatua ishara kwa kasi kubwa, halafu baada ya milisekunde chache kasi hiyo hushuka, ingawa mlio wenyewe haujapungua hata kidogo. Mwanzo wa sauti ndio unaopewa uzito.

Seli zinazopokea ishara hizo huendeleza tabia hiyo, kila aina kwa namna yake. Kuna zinazofuata kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti. Zinazonivutia kuliko zote ni seli za pweza, zilizoitwa hivyo kwa jinsi matawi yake yalivyoelekea upande mmoja. Seli moja hupokea nyuzi nyingi za masafa tofauti, yaani za sauti nene hadi nyembamba, na haiitiki mpaka nyingi zifyatue kwa wakati mmoja. Ukiipa mlio mkali unaoendelea, huitika pale unapoanza, basi.

Sasa tamka polepole neno “kata”. Katikati pana kimya kifupi, ulimi umeziba hewa, kisha t inapasuka na irabu inafuata. Mpasuko huo ukimezwa na kelele, msikilizaji anabaki kubahatisha: kata, kaka au kapa? Mlio mmoja wa mashine haumdai kazi hiyo kabisa.

Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kwamba, baada ya kelele kali, uwezo wa kusikia milio hafifu ulirudi, lakini miunganiko mingi kati ya seli zenye vinyweleo, zinazopokea sauti ndani ya sikio, na neva haikurudi. Kwa binadamu mjadala unaendelea, ila kwangu hiyo ni sababu ya kupima zaidi.

Kipimo cha kusikiliza maneno ndani ya kelele kipo tayari. Kiingizwe kwenye uchunguzi wa kawaida, kwa lugha anayoiongea mgonjwa, na asirudishwe nyumbani kwa sababu tu alibonyeza kitufe vizuri.