Kitanzi si dhambi: JIT na msimbo wa kuchakata picha

Kila anayejifunza kuchakata picha kwa Python huonywa mapema: usiandike kitanzi, yaani mistari inayorudiwa kwa kila pikseli. Hesabu zako zigeuze ziwe za safu nzima, iachie NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za safu, kazi ifanyikie ndani ya lugha ya C. Onyo hilo lina msingi. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na mkalimani wa Python akifika kwa kila moja huuliza upya yale yale: hii ni namba ya aina gani, kuijumlisha kunafanywaje, jibu liwekwe wapi. Sekunde zinageuka dakika.

Tatizo ni kwamba onyo limeshakuwa itikadi. Ndiyo maana kukompaili papo kwa hapo, yaani JIT, kuugeuza msimbo uwe lugha ya mashine wakati programu inaendeshwa, kunatazamwa na wengi kama mkongojo: asiyeijua NumPy vizuri na asiyetaka kujifunza C ndiye anayebandika @njit, alama ya maktaba ya JIT iitwayo Numba, juu ya fanksheni yake na kuomba heri. Naona hukumu hiyo inawaonea watu, na inaionea zaidi hesabu yenyewe.

Chukua kazi ya kugeuza picha ya kijivu iwe ya nukta nyeusi na nyeupe tupu kwa njia ya Floyd na Steinberg, iliyochapishwa mwaka 1976. Unaanzia juu kushoto. Pikseli yenye thamani 100 kati ya 255 iko karibu zaidi na nyeusi, kwa hiyo inakuwa 0. Ile 100 iliyobaki haitupwi. Inagawiwa majirani ambao hawajafikiwa: 7/16 anapewa wa kulia, 3/16 wa chini kushoto, 5/16 wa chini yake, 1/16 wa chini kulia. Ukihamia kwa jirani wa kulia, naye alikuwa na 100, sasa unamkuta ana karibu 144, na kwa nyongeza hiyo tu anavuka nusu na kuwa mweupe.

Hapo NumPy inakwama, kwa sababu kila pikseli inangoja ya nyuma yake imalize. Wapo wanaoipanga upya kazi hii ipite kwa mishazari ili pikseli kadhaa ziende pamoja, na inawezekana, ila msimbo unaotoka hapo hata aliyeuandika atahitaji karatasi na kalamu kuusoma tena baada ya mwezi. Kitanzi cha kawaida kinaandikika kwa mistari kumi na kitu, na kinasomeka kama maelezo niliyotoa hapo juu.

Numba hukiacha kitanzi hicho kama kilivyo. Fanksheni inapoitwa mara ya kwanza, inaangalia aina za vitu vilivyoletwa, tuseme safu ya pande mbili ya namba za biti 32, kisha inaikabidhi LLVM, mtambo ule ule ulio nyuma ya Clang inayokompaili C na C++. Kinachotoka ni lugha ya mashine kwa prosesa iliyopo mezani. Na aliyeianzisha Numba mwaka 2012 ni Travis Oliphant, mtu yule yule aliyetuletea NumPy. Sidhani kama alikuwa hajui kuandika NumPy.

Mtetezi wa safu nzima atasema nimechagua mfano unaonibeba. Haya, tuende kwenye uwanja wake: kugeuza picha ya rangi iwe ya kijivu, 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani, 0.114 ya bluu. Ni mstari mmoja wa NumPy, safi kabisa. Lakini hebu tuhesabu baiti. Kila rangi imehifadhiwa kwa baiti moja kwa pikseli, kwa hiyo rangi tatu ni megabaiti 36. Ukizidisha safu ya nyekundu kwa 0.299, jibu linakuja kwa namba za biti 64, yaani baiti nane kila moja: safu mpya ya megabaiti 96. Kijani vivyo hivyo, bluu vivyo hivyo. Kufikia hapo tumesoma megabaiti 36 na kuandika 288. Kujumlisha mara mbili, kila mara kunasoma safu mbili na kuandika moja, ni megabaiti 576 nyingine. Kurudisha jibu kwenye baiti moja kwa pikseli, 108. Jumla ni megabaiti 1,008 zilizosafirishwa kati ya prosesa na kumbukumbu, kwa ajili ya picha moja.

Kitanzi kilichokompailiwa kinasoma baiti tatu, kinazidisha na kujumlisha vikiwa bado mikononi mwa prosesa, kinaandika baiti moja, kinasonga mbele. Kinasoma megabaiti 36 na kuandika 12. Arobaini na nane! Mara 21 pungufu, na kuzidisha na kujumlisha ni kule kule. Kache, kumbukumbu ndogo ya haraka, iliyo karibu kabisa na kiini cha prosesa hupimwa kwa kilobaiti, kwa hiyo safu ya megabaiti 96 haina pa kukaa humo. Kwenye kompyuta nyingi, kila hatua ya NumPy inalazimika kurudi kwenye kumbukumbu kuu. Sisemi muda nao utapungua mara 21, maana saa haifuati baiti kwa uaminifu kiasi hicho. Ila tumezoea kudhani kwamba gharama ya Python ni mkalimani peke yake, na kwamba ukishamkwepa umemaliza. Kwenye picha kubwa, gharama iliyojificha ni hizi safari za kwenda na kurudi, na NumPy inaziongeza kwa kila alama ya jumlisha unayoandika.

Kweli, kugeuza rangi kuwa kijivu kupo tayari ndani ya OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, na iliyopo tayari itumie. Vivyo hivyo kuzidisha matriki makubwa: maktaba zake zimenolewa kwa miongo, kitanzi chako hakitazifikia. JIT ina faida pale ambapo hesabu unayoitaka hakuna aliyekuandikia, na katika utafiti hapo ndipo watu wanapoishi.

Wanaoipinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kusubiri. Mwito wa kwanza unaweza kula sekunde moja au kadhaa, na kila aina mpya ya safu inakompailiwa upya: leta biti 32, kisha 64, kisha safu iliyopinduliwa, umelipa mara tatu. Unaweza kuagiza matokeo yahifadhiwe kwenye diski, lakini programu inayoanzishwa kila mara kwenye mazingira mapya haikuti kitu. Lugha ya Julia, ambayo nayo hukompaili papo kwa hapo, iliteseka na jambo hili kwa miaka, hadi toleo la 1.9 la mwaka 2023 lilipoanza kuhifadhi msimbo wa mashine wa vifurushi vyake. Kwa skripti inayochakata picha moja ndogo na kuzima, JIT ni hasara.

Ya pili ni ile ya mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl, 1967. Kama kitanzi kinachukua asilimia 60 ya muda wote, hata ukikifanya kiishe kwa sekunde sifuri, programu nzima itakuwa na kasi mara 2.5 tu. Asiyepima kabla ya kubandika @njit hana wa kumlaumu.

Ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu imenipata. Niliandika kitanzi cha Floyd na Steinberg nikasahau ukingo wa kulia. Kwenye Python ya kawaida, kumpa jirani asiyekuwepo kungesimamisha kila kitu kwa ujumbe wa kosa. Numba haikagui mipaka ya safu isipoambiwa. Pikseli ya mwisho ya mstari ilipompa jirani wa kulia sehemu yake, sehemu hiyo ilitua kwenye pikseli ya kwanza ya mstari wa chini, maana kwenye kumbukumbu hao ndio wanaofuatana. Picha ikatoka karibu sahihi. Ukingo wa kushoto tu ulikuwa mweupe zaidi kidogo kuliko ulivyostahili, na nilikesha nikishuku fomula, nikishuku picha, nikishuku kila kitu isipokuwa ukingo wa pili.

Hatari hiyo ni halisi, lakini ni ya C vilevile, na huko hakuna njia rahisi hivi ya kurudi nyuma. Kwa Numba niliweka NUMBA_DISABLE_JIT=1, mpangilio unaozima JIT, nikaendesha mistari ile ile kama Python tupu kwenye kipicha cha 8 kwa 8, na ikasimama kwenye mstari wenye kosa papo hapo.

Sifa mbaya nyingine ilitokana na chaguo la zamani la Numba yenyewe. Kwa miaka mingi alama yake nyingine, @jit, ilipokutana na kitu isichokielewa ilirudi kwenye mwendo wa pole, ikamwacha mtu akiamini amekompaili na kasi haioni. Tangu toleo la 0.59 la mwaka 2024 inakataa waziwazi. Ujumbe wake wa makosa bado ni mrefu na mgumu, hilo silitetei.

Ambapo ningemzuia mtu ni fastmath, ruhusa ya kupanga upya hesabu za desimali ili kuongeza kasi. Jumlisha 0.1 na 0.2 kisha 0.3, kompyuta inakupa 0.6000000000000001, anza na 0.2 na 0.3 kisha ongeza 0.1, unapata 0.6. Kwa rangi za picha hiyo si kitu. Lakini ruhusa hiyo pia inachukulia kwamba hakuna thamani tupu za NaN, na kwenye picha za setilaiti NaN ndiyo alama ya mahali palipokosa data, tuseme chini ya wingu. Swali lako la kuzikagua linaweza kufutwa kimyakimya, na wingu likaingia kwenye wastani. Numba huiacha imezimwa hadi uiwashe mwenyewe, na kwa data ya namna hiyo ibaki hivyo.