Hospitali ikicheleweshewa malipo, mgonjwa ndiye hulipa

Mjomba wangu ni fundi viatu pale Kibuye. Figo zake zilikwisha kazi miaka miwili iliyopita, na sasa husafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi katika hospitali moja ya binafsi hapa Kisumu. SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, hulipia shilingi 10,650 kwa kila kikao. Mjomba hana mwajiri wa kumkata ile asilimia 2.75 ya mshahara, kwa hiyo hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo mmoja. Alilipa. Nilikuwepo alipotoa simu, akabonyeza, akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kulipa karo.

Basi Alhamisi moja karani wa dirishani akatuambia: SHA haijatulipa, leteni pesa taslimu, mtarudishiwa zikiingia. Mjomba hakusema neno. Mimi nilifungua lile kundi la WhatsApp la ukoo, lile ambalo zamani lilikuwa la harusi na matanga, nikaandika namba ya kutumia pesa.

Kwa hiyo chama cha hospitali za binafsi, RUPHA, kinapolalamika kwamba serikali haijalipa madai, mimi simo miongoni mwa wale wanaosema ni matajiri wanaolilia faida. Mwaka 2025 kilifika hadi kutangaza kwamba wanachama wake wataacha kuwahudumia wagonjwa wa SHA kwa mkopo. Walisema kweli kuhusu deni. Hospitali hununua vichujio, dawa, dizeli ya jenereta na oksijeni kwa wafanyabiashara ambao nao hawangoji milele. Malimbikizo hayo hayakuanzia SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya afya, Oktoba 2024. NHIF yenyewe iliondoka na madeni.

Ninachogombana nacho ni kelele hiyo kuishia kwenye pesa.

Mashine ya kusafisha damu haijisimamii. Katika chumba cha mjomba kuna mashine nne na muuguzi mmoja. Mgonjwa huyu presha inashuka, yule mkono unavimba, mashine ya tatu inapiga king'ora, na sista ni yuleyule mmoja. Hospitali zinapokwenda Nairobi kudai, mbona simsikii yeye katika hesabu? Naambiwa deni ni mamilioni mangapi. Siambiwi wauguzi wangapi wamekaa bila mshahara kwa sababu yake, wala wangapi wataongezwa likilipwa.

Sisi wa Kisumu tulikwisha kuonyeshwa filamu hii. Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alikuja hapa mjini kuzindua majaribio ya afya kwa wote, katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Ada zikaondolewa hospitali za umma. Watu wakamiminika, na ilikuwa haki yao, maana wengine walikuwa wameficha ugonjwa nyumbani kwa kukosa hela. Ila wahudumu hawakuongezeka kwa kasi ya foleni. Pale Russia, kama bado tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ulikuwa ukifika na jua na kuondoka nalo. Kumfutia mtu ada bila kumwekea wa kumtibu ni kumkaribisha mezani kwenye sahani tupu.

Na wahudumu tunao, hilo ndilo linaloniudhi. Vijana wamesomea udaktari, uuguzi na utabibu, wamekaa nyumbani wakingoja nafasi. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa wale wa mafunzo ya kazini: mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikasema itatoa 70,000. Unaweza kubishana kuhusu kiasi (mimi mwenyewe nimebishana na ndugu yangu mpaka chai ikapoa), lakini mkataba ni mkataba. Serikali inayovunja wa daktari haitaona tabu kuchelewesha wa hospitali. Hapo ndipo wenye hospitali na vyama vya wahudumu walipaswa kusimama pamoja, badala ya kila mmoja kungoja zamu yake ya kuumia.

Ombi langu ni dogo. Kila hospitali ibandike ukutani, karibu na dirisha la malipo, karatasi moja kila mwezi: SHA inadaiwa kiasi gani, imelipa kiasi gani, na wodi ina wauguzi wangapi kwa zamu. Za umma zianze, kwa kuwa sheria ya mwaka 2023 inaziruhusu zibaki na mapato yao badala ya kuyapeleka kwenye hazina ya kaunti. Za binafsi zifuate, kama kweli zinataka tuzitetee. Nikiambiwa nilete pesa taslimu, niione hiyo karatasi kwanza. Na diwani wangu akija kuomba kura Nyalenda, niwe na tarakimu za kumuuliza, si uvumi wa foleni.

Zile pesa za Alhamisi hazijarudi. Jumatatu iliyopita nilimuuliza sista, kwa sauti ya chini, kama wao wameshalipwa. Alicheka kidogo, akafunga mkanda wa presha kwenye mkono wa mjomba, akamuuliza leo amekunywa maji kiasi gani.