Kiwanda cha nguo kando ya ziwa kirudishe kazini maji yapi?

Fua kanga mpya nyekundu. Beseni la kwanza maji hutoka mekundu kama damu, la pili yamepauka, la tatu unaona hadi kitako cha beseni. Hayo ya tatu akina mama wengi hapa Mwanza hawayamwagi. Wanadekia, au wanayapeleka chooni. Kiwanda cha kutia rangi vitambaa hufanya kazi hiyohiyo, ila kilo 1 ya kitambaa cha pamba inaweza kunywa lita 100 au zaidi, na mara nyingi maji ya kwanza na ya mwisho huishia bomba moja.

Wapo wanaotaka kiwanda kama hicho kilazimishwe kurejeleza maji, yaani kuyasafisha na kuyatumia tena. Wasiotaka hilo wana hoja nzito. Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800, liko mlangoni. Maji tunayo, kilicho ghali ni umeme na mitambo. Gharama hiyo ikiongezwa kwenye bei ya kitenge, kitashindanaje na cha kutoka Asia, au na mtumba? Tayari sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa inauzwa nje haijasokotwa hata uzi.

Wanaweza pia kukutajia Tiruppur, mji wa nguo kusini mwa India. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vifungwe, maana mto Noyyal ulikuwa umeharibika. Vilivyorudi kazini vililazimika kusukuma maji taka kwa presha kwenye vichujio vya utando, kisha kuchemsha masalia mpaka ibaki chumvi. Maji yakarudi kiwandani, lakini chumvi iliyochanganyika na uchafu ikawa mzigo mwingine wa kutafutiwa pa kuwekwa.

Hapo kwenye chumvi ndipo ninapoachana na wanaosema "maji tunayo". Rangi nyingi za pamba hazishiki bila chumvi, makumi ya gramu kwa kila lita. Vijidudu vya kwenye mabwawa ya maji taka hula uchafu mwingi, lakini chumvi hawali. Kwa hiyo maji yanaweza kutoka hayana rangi na bado yamebeba chumvi yote. Na ziwa letu lina kina cha wastani cha mita 40 tu. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, Jinja, na maji mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Jua halichukui chumvi. Jiji linavuta maji ya kunywa Capri Point, ziwa hilohilo.

Kwa maoni yangu, kudai kila tone lirudi ni kukiua kiwanda. Tenganisheni mabomba. Maji ya kusuuzia ya mwisho yachujwe, yarudi kuosha kitambaa kingine. Maji ya rangi, ambayo sasa ni machache, ndiyo yatengewe fedha na dawa. Kwa kiwanda cha zamani, chenye mabomba chini ya zege, ni kazi ngumu kweli. Kwa kipya, ni suala la ramani tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya ujenzi, basi NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, waulize hapo mabomba ni mangapi, na wapime chumvi kama wanavyopima rangi.

Wanabaki watengeneza batiki wa majumbani, ambao beseni zao humwagwa mtaroni, na mitaro mingi ya katikati ya jiji huishia mto Mirongo, unaoingia ziwani. Huwezi kumwambia mama mwenye sufuria 2 ajenge mtambo. Shimo moja la pamoja kwa mtaa, lililosakafiwa na kunyonywa na gari la maji taka, analiweza.