Kigae cha Kilwa na swali la mahusiano

Wapo wanaotaka historia ya dunia isomeshwe jamii moja moja: Misri peke yake, China peke yake, Waswahili peke yao. Wengine wanasema tufuate mahusiano, nani alikutana na nani na wakaachiana nini. Mimi nipo na hawa wa pili, ila Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa Waswahili kusini mwa pwani ya Tanzania, imenifunza kutembea kwa tahadhari.

Chukua kigae cha bakuli la kijani kutoka China, kama vile vinavyopatikana kwenye magofu ya Kilwa. Ukiisoma Kilwa kama mji uliojitosheleza, kigae hicho huna pa kukiweka. Kililetwa na kaskazi, kikipitia bandari za India au Ghuba, na utajiri wa kukinunua ulitokana na dhahabu iliyoshukia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, kutoka nyanda za Zimbabwe. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman akikirimu masharifu waliotoka Iraki na Hijazi.

Lakini wasomi wa enzi ya ukoloni walitumia mahusiano hayohayo kutupoka miji yetu. Mjenzi akawa Mwajemi au Mwarabu, Mwafrika akabaki mpokeaji. Udongo wenyewe umewakanusha. Katika mji wa kale wa Shanga, kwenye kisiwa cha Pate nchini Kenya, wachimbaji walikuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, ya awali kabisa ikiwa ya miti, karne ya 8. Na vigae vilivyo vingi kwenye miji ya pwani ni vya vyungu vya wenyeji, vilivyopikiwa kila siku. Hivi havipewi kabati la kioo katika makumbusho.

Halafu mwaka 2023 ukatangazwa uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani. Kwa upande wa mama, asili yao kubwa ni Afrika. Kwa upande wa baba, wengi wana asili ya Uajemi, na mchanganyiko ulianza takriban mwaka 1000. Basi hadithi ya Washirazi, kwamba miji hii ilianzishwa na watu kutoka Shiraz ya Uajemi, haikuwa uzushi mtupu, lakini wageni walioa katika jamii iliyokuwepo, na lugha iliyobaki ni ya Kibantu, ya akina mama.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tukisema mahusiano tunatazama baharini tu. Sarafu ya shaba yenye jina la Sultani Hasan huyohuyo imepatikana Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe huko bara. Ilipita mikononi mwa nani, kwa njia ipi, katika vijiji vya watu gani? Ningependa mwanafunzi aanzie hapo, kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga.