Nilienda Kariakoo kununua kapasita, nikarudi na chupa ya chai

Bamdogo wangu ana mziki wa kukodisha, spika mbili kubwa, mikisa na maiki nne, kila wikiendi yuko nao kwenye sendofu na vipaimara. Sasa mziki ukaanza kunguruma. Mmmmmmm, mfululizo, hata MC akinyamaza. Mimi nilikuwa mwaka wa pili nasomea elektroniki, nikajifanya daktari: huo ni umeme wa ukutani, hezi 50, unapenya kwenye maiki, dawa yake filta ya haipasi, yaani sauti za juu inaziachia zipite, za chini inazikatia mlangoni.

"Shingapi?" bamdogo akauliza.

"Jero tu, rezista moja na kapasita moja."

Na hesabu niliipiga sawasawa, hilo naomba lieleweke. Moja gawanya kwa mbili pai R C, R ni rezista, C ni kapasita. Rezista ya megaomu 1, kapasita ya nanofaradi 1.5, inatoka hezi 106, chini ya hapo sauti inaanza kuporomoka. Daftari ninalo mpaka leo. Ila tulishaambiwa usijenge kitu hujakijaribu kwenye kompyuta, basi usiku nikafungua LTspice, programu ya kujaribia saketi, nikachora, kwenye rezista nikaandika 1M, kwenye kapasita 1.5n, nikairan.

Grafu ikaja: kwenye hezi 1,000 sauti iko desibeli -160. Hapo hujachuja mngurumo, hapo umezika MC, bibi harusi na ukumbi mzima.

Mtu mwenye akili zake angerudi kwenye daftari. Mimi nikaamua daftari ndo limekosea. Nikaanza kuongeza kapasita, mikrofaradi 1, 100, 1,000, 10,000, mstari unapanda kidogo kidogo kama bei ya nyanya. Saa nane usiku nikaandika 1.6F, faradi moja nukta sita, mstari ukazama kuliko mwanzo! Nikaifuta ile F ikabaki 1.6 peke yake, hee, grafu ikatulia, ikajikunja palepale kwenye hezi 100. Kwa nini na F iugue halafu bila F ipone? Sikujiuliza. Nilikuwa nacheka mwenyewe gizani.

Kesho yake nikaenda Kariakoo, duka la vifaa vya elektroniki.

"Nataka kapasita ya faradi moja nukta sita."

"Mikrofaradi?"

"Faradi."

Muuzaji akamwita mwenzake aje asikie. Mzee mmoja aliyekuwa analehemu redio pembeni akavua miwani, akanitazama kwa huruma, "Kijana, unachuja sauti au unawasha gari?" Watu wakacheka, mimi kimoyomoyo nasema hawa hawajasoma. Wakanielekeza duka la mziki wa magari, na kweli huko zipo, lijisilinda linang'aa kama kioo cha saluni, kimo cha chupa ya chai, juu lina tarakimu za bluu za kuonyesha volti. Faradi 1, shilingi elfu 90. Nikapiga hesabu kwenye simu, faradi 1 inanipa hezi 159 badala ya 100, nikasema si mbaya, na hela yenyewe ya bamdogo.

Nikafika nyumbani nikaiweka mezani nikaenda kuoga. Kutoka nje namkuta mamdogo kaikumbatia anatafuta pa kufungulia, sufuria ya chai inatoa moshi pembeni. "Baba, chupa nzuri, ila hii inamiminia wapi?"

Nikaiokoa. Nikaifunga kwa klipu za mamba pamoja na rezista ya megaomu 1, hii ya kweli ya kushika mkononi, kahawia nyeusi kijani. Bamdogo akawasha. Mmmmmmm. Uleule, haujapungua hata chembe. Nikamwambia labda inahitaji muda ipate moto. Baadaye nilikuja kupiga hesabu, R mara C ya ile kitu, yaani kipimo cha muda inaochukua kutulia, ni sekunde milioni 1, kama siku 11 na nusu hivi, na sendofu ilikuwa Jumamosi.

Ikabidi nimpigie jamaa yangu wa darasani. Hakuuliza mengi.

"Rezista umeiandikaje?"

"Moja M."

Kimya. Halafu kicheko, cha kukaa chini kabisa. Kumbe programu mama ya hizi zote, SPICE, ilitoka chuo cha Berkeley huko Marekani mwaka 1973, enzi za kadi za kutoboa matundu, na mpaka leo haijali herufi kubwa wala ndogo, M kwake ni mili, sehemu moja ya elfu. Ukitaka mega, yaani milioni, unaandika Meg. Mimi usiku kucha nilikuwa na rezista ya miliomu 1, ambayo ni kipande cha waya tu, natafuta kapasita ya kuolewa na waya. Na ile F? Femto. Niliomba faradi 1.6, nikapewa 1.6 iliyogawanywa kwa bilioni, halafu ikagawanywa tena kwa milioni.

Nikaandika 1Meg, nikarudisha 1.5n, grafu ikaja ileile ya daftari, hezi 106. Nikanunua kapasita ya jero, nikafunga. Mngurumo ukapungua... kiasi. Kumbe filta ya rezista moja na kapasita moja ni mpole sana, kwenye hezi 50 inashusha desibeli 7 hivi, kwa hiyo sasa mziki ulikuwa unanguruma kwa adabu.

Ijumaa jioni bamdogo akamwita fundi redio wa mtaani. Akafungua jeki ya waya wa maiki, akachungulia, ule waya wa kusuka unaozunguka zile za ndani ulikuwa umekatika. Akaulehemu. Kimya kabisa. Elfu mbili.

Kapasita imeishia kwenye Noah ya bamdogo, inalisha sabufa, kila anayepanda anahadithiwa. Mamdogo naye, nikienda kuwasalimia, kabla hajabandika chai anauliza kwanza kama nimekuja na chupa yangu.